Sekunde Nane za Shangazi Thirza

Kuna watu hapa Netherton wanasema Shangazi Thirza aliharibu sherehe ya bendi ya watu. Eti uzee. Eti wivu. Mi nikisikia hivyo natamani kumshika mtu kola. Hakuharibu kitu. Aliibiwa, akaenda kuchukua chake mchana kweupe, watu elfu mbili wakimwangalia. Acha nisimulie ilivyokuwa, halafu mwenye kusema aseme.

Thirza Fereday alizaliwa mwaka arobaini na nane, nyumba ileile anayokaa mpaka leo, juu ya mfereji. Baba yake alikuwa mfua minyororo ya meli. Jina alipewa la bibi yake, mtu wa kanisani, na shuleni walimtania nalo mpaka akapiga wawili, mmoja wao wa kiume. Akiwa na miaka kumi na tano akaacha shule, akaingia karakana moja kule Birmingham iliyokuwa inatengeneza vinanda vya tepu.

Kinanda cha tepu, kwa nje, ni kabati la mbao nyeupe, zito kama jeneza la tajiri. Ukifungua nyuma unakuta kanda zimening'inia kama utumbo, thelathini na tano, kila kibonyezo na ukanda wake. Na kwenye kila ukanda kuna sauti ya mtu wa kweli, au fidla ya kweli, imerekodiwa noti moja tu. Unabonyeza, ukanda unapita, sauti inatoka. Sekunde nane. Ya tisa haipo. Ukanda umefika mwisho, springi inaurudisha, unaanza upya. Kwa hiyo mpigaji hawezi kulalia kibonyezo. Anagusa, anahesabu, anainua kidole, anahamia kingine kabla hakijamfia mkononi. Na ndiyo utamu wenyewe. Ile sauti inapumua, kwa sababu aliyeiimba alikuwa anapumua.

Mwaka sabini vijana watano wa Dudley, nywele mpaka mgongoni, walifika karakana na lori la makaa ya mawe. Juu ya lori kuna kinanda. Walikuwa wamekinunua siku tatu nyuma.

"Kimekufa," akasema mpiga ngoma wao, Des Attwood.

Thirza akafungua nyuma, akanusa. "Hakijafa. Mmekimwagia bia."

"Kidogo tu, dada."

"Hata ng'ombe ukimwagia bia kidogo kwenye kiwele hatoi maziwa."

Wakacheka mpaka wakashika ukuta. Tangu siku hiyo kinanda kikaitwa Ng'ombe. Des akamwambia, "Basi twende wote uwe unamkamua. Wiki mbili tu." Bendi yao inaitwa Harrowmere. Hizo wiki mbili zikawa miaka arobaini na tisa.

Wenye umri wanaijua Harrowmere. Nyimbo zao haziishi. Upande mzima wa santuri wimbo mmoja, wafalme, nyota, mashine zinazoota ndoto. Wimbo wao mkubwa ni Mnara wa Chumvi, dakika ishirini na tatu, mfalme anajenga mnara wa chumvi halafu mvua inakuja. Sisi wa umri wangu tunacheka, lakini mfalme akianza kulia na Ng'ombe akiingia na zile sauti za kwaya, ukiweza kukaa bila kusisimka basi wewe ni jiwe.

Watu walikuja wakaondoka. Mwimbaji wa kwanza aliondoka kwa sababu yeye alitaka kuimba mapenzi na wenzake wanataka kuimba sayari. Mpiga gitaa akaenda kufuga samaki Wales. Wapiga kinanda walipita tisa, na kila mmoja alifundishwa na Thirza kuhesabu mpaka nane. Mwaka sabini na saba wakaja vijana wa muziki wa punk, pini masikioni, magazeti yakaanza kuwacheka kina Harrowmere, wakajikuta wanapiga chini ya baa mbele ya watu arobaini. Thirza alikuwepo. Miaka ya themanini wakatoa wimbo mfupi wa dakika tatu, ukapigwa redioni nchi nzima, na mpaka leo ukiutaja mbele ya shabiki wa kweli anakugeuzia mgongo. Alikuwepo. Kukawa na Harrowmere mbili, waimbaji wawili mahakamani wanagombea jina, wiki moja zote mbili ziko mji mmoja. Alikataa kumkata Ng'ombe vipande viwili, akasema atakwenda na yule atakayeshinda, maana yeye ni wa Ng'ombe si wa mtu.

Mumewe Horace, dereva wa basi, alikuwa akisema, "Mke wangu ana ng'ombe, mi nina basi, tunaonana Krismasi." Alifariki kimyakimya, na wiki moja baada ya mazishi Thirza alikuwa Glasgow na bisibisi mkononi.

Sasa kuna desturi moja lazima muielewe, bila hiyo hamtaelewa kitu. Mwaka sabini na nne, Sheffield, ukumbi ulikuwa na baridi kama friji na kanda za Ng'ombe zikawa zinateleza. Mnara wa Chumvi haukuweza kuanza. Thirza akatoka na koti lake la kahawia la kazi, mbele ya watu wote, akafungua skrubu nne za ubao wa nyuma, akapuliza ndani kwa draya ya nywele, akaingiza mkono, akagusa ukanda mmoja mmoja. Dakika nne. Ukumbi mzima ulinyamaza kumsubiri. Alipomaliza akagonga ubao mara mbili kwa bisibisi, na watu wakapiga kelele kuliko walivyopigia wimbo.

Tangu hapo, kila onyesho, miaka yote, ikawa hivyo. Inaitwa kumpasha Ng'ombe, yaani kumpasha joto. Mashabiki wa Harrowmere si watu wa kurukaruka. Wengi ni wastaafu, wana chupa za chai, wana madaftari, wana saa. Ng'ombe akipashwa hakuna anayekohoa. Ukikohoa, utatazamwa mpaka utamani kufa. Newcastle waliwahi kusubiri dakika kumi na moja, na waliokuwepo wanaitaja kama vita walivyopigana. Kisha wimbo ukianza wanahesabu kwa kidole gotini, moja mpaka nane, moja mpaka nane. Wanajua. Wanapenda kwamba sauti ile ina mwisho.

Haya. Waimbaji wote wawili waliogombea jina waliishia kulala makaburini, na jina likaangukia kwa meneja mmoja anaitwa Piers Lovelock, mtu ambaye mwaka Harrowmere inaanza hata baba yake alikuwa hajaanza kunyoa ndevu. Kwenye bendi akabaki Des peke yake wa zamani, na magoti mawili ya chuma. Piers akatangaza safari ya miaka hamsini. Januari akatuma gari kumchukua Ng'ombe, eti akapakwe rangi. Februari akaja mwenyewe jikoni kwa Shangazi, viatu vyeupe, akapewa chai.

"Mama Thirza," akaanza, "mwaka huu mambo yatakuwa mepesi. Hutasumbuka tena na kanda."

"Nani kakwambia nasumbuka?"

"Sauti zote za Ng'ombe tumeziingiza kwenye kompyuta. Safi kabisa, kanda tumezitoa. Jago atapigia hapo." Jago ndiye mpiga kinanda mpya, wa kumi.

"Na Ng'ombe?"

"Ng'ombe atakuwepo jukwaani! Bila Ng'ombe itakuwaje? Atang'aa, taa zitampiga. Na wewe utatoka kama kawaida, koti, draya, dakika nne zako. Watu wanakuja kukuona wewe, mama."

"Nitapasha nini? Ubao?"

"Hawatajua."

Shangazi akaweka kikombe chini. Anasema aliangalia viatu vile vyeupe kwa muda mrefu maana alikuwa anatafuta pa kuangalia asimpige. "Wale watu hawaji kuniona mimi," akasema. "Wanakuja kusubiri. Wananipa dakika nne za maisha yao kwa sababu wanaamini kuna kitu humo ndani kinahitaji dakika nne. Mi siwezi kusimama mbele yao nikapuliza kabati tupu. Nenda na kompyuta yako, lakini iweke mezani waione."

"Mama, fikiria."

"Nimefikiria kabla hujazaliwa. Maliza chai."

Akaondoka. Shangazi akajua safari itafanyika bila kupasha. Ilimuuma.

Sasa sikilizeni ushenzi.

Mwezi wa tatu, Jumatano, Shangazi yuko buchani ananunua nyama ya kuchemsha na mbaazi za kijivu. Akaingia Mervyn Pargeter wa Cradley Heath, postamasta mstaafu, ndiye anayetoa jarida la mashabiki tangu enzi za kuchapa kwa mkono. Mtu mzuri, asiyeua nzi. Akavua kofia kabisa.

"Bi Thirza! Leeds juzi! Sina maneno."

"Leeds kuna nini?"

"Usinifanyie hivyo, dada yangu. Nilikuwa safu ya ishirini. Dakika nne na sekunde kumi na mbili, nimeandika. Na lile jambo lenyewe!" Akashusha sauti, akasogea kama anataja siri ya serikali. "Sekunde kumi na moja. Jago alishika kwaya sekunde kumi na moja. Umefanyaje?"

"Mervyn, mi Leeds sikwenda. Nilikuwa nyumbani nafua mapazia."

Mervyn akacheka, akamkonyeza. Mervyn! Mtu ambaye hajawahi kukonyeza hata mkewe. "Naelewa, naelewa. Siri ya kazi. Sitauliza. Lakini nimeshaandika."

Akamtolea jarida. Kurasa nane. Michoro kwa rula. Mervyn alikuwa ameeleza jinsi Bi Thirza Fereday, akiwa na miaka sabini na moja, alivyogundua njia ya kukunja ukanda mara mbili ndani ya fremu ili sekunde nane ziwe kumi na moja, jambo ambalo mafundi wa dunia nzima walishindwa. Alimwita johari ya nchi ya viwanda. Na chini kabisa picha, imepigwa kwa mbali: mama mmoja mwenye nywele nyeupe na koti la kahawia, ameinama nyuma ya Ng'ombe, draya mkononi.

Walikuwa wamekodi bibi mwingine.

Nirudie? Walikodi bibi mwingine, wakamvalisha koti, wakamvalisha nywele, wakamsimamisha mahali pa mtu aliye hai anayefua mapazia yake Netherton. Na wale wazee wa watu, waliohesabu nane miaka arobaini, siku waliyofika tisa, kumi, kumi na moja, hakuna hata mmoja aliyesema hapa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Walisema Thirza kafanya muujiza. Wakamvika kilemba cha ukoka yeye hata hana habari. Ukitukanwa unaweza kujibu. Ukisifiwa kwa uongo ambao hukuusema, unajibu nini? Kila utakayemkatalia atakwambia wewe ni mnyenyekevu.

Buchani palepale walimpigia makofi. Alirudi nyumbani bila nyama.

Akampigia Piers simu. Sisi majirani tulisikia upande wake, na Piers alikuwa anaongea kwa nguvu kiasi kwamba tulisikia na wake pia.

"Hatujataja jina lako popote, mama. Soma matangazo yote. Ni mtu tu kavaa koti. Koti halina mwenyewe."

"Nywele je?"

"Nywele nyeupe pia hazina mwenyewe."

Shangazi akakata. Akampigia Des. Des hakujifanya hajui, hilo nampa.

"Thirza, mi nina miaka sabini na mbili. Hii ndiyo safari yangu ya mwisho."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nilifumba macho."

"Unapiga ngoma kwa macho wewe? Masikio uliziba na nini?"

Shangazi akaweka simu chini taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Wiki mbili akajaribu njia ya kistaarabu. Alimwandikia Mervyn barua, Mervyn akaichapa jaridani kama mfano wa unyenyekevu wa Bi Thirza. Alimwambia kasisi, kasisi akasema Mungu hutumia njia nyingi. Watoto wa shule wakamletea kadi ya kumpongeza. Kila siku uongo unazidi kunona, na jina ni lake. Siku moja nikamkuta amekaa ngazini. "Nikifa leo," akaniambia, "juu ya jiwe langu wataandika sekunde kumi na moja. Miaka hamsini sijawahi kumdanganya mtu hata sekunde moja, na nitazikwa na tatu za wizi."

Harrowmere wakafika Wolverhampton Jumapili, onyesho la saa tisa alasiri, maana mashabiki wengi wanataka kuwahi basi. Shangazi akakata tiketi kama mtu yeyote. Watu wa mtaa wetu tulikwenda saba. Hakuvaa koti la kahawia, alivaa lile la bluu la mazishi.

Ukumbi ulijaa. Chupa za chai, madaftari. Bendi ikapiga nyimbo nne, taa zikashuka, na wote tukajua ni saa ya kumpasha Ng'ombe. Kimya kikaingia kama maji. Akatoka yule mama. Alikuwa amefundishwa vizuri, mjinga yule, hata Shangazi anavyoburuta mguu wa kushoto aliiga. Akapiga magoti nyuma ya Ng'ombe, skrubu moja wala hakufungua, akawasha draya akaelekeza kwenye upenyo wa ubao.

Shangazi Thirza akasimama.

"Shhh!" mtu akamfanyia.

Akaanza kushuka kwenye njia ya katikati.

"Kaa chini, mama!" akanong'ona mwingine kwa hasira. "Anapashwa!"

"Hana adabu," akasema mke wa mtu.

Na safu ya sita, mwisho kabisa, Mervyn Pargeter mwenyewe, bila kugeuka kutoka kwenye saa yake, akanyoosha mkono kumzuia. "Tafadhali! Dakika ya pili tu!"

Mnaona? Thirza Fereday ananyamazishwa ili Thirza Fereday afanye kazi yake.

Akautoa ule mkono kama mtu anayetoa tawi njiani, akapanda ngazi za jukwaa. Pembeni nikamwona Piers anawapungia walinzi, walinzi wawili wakubwa, na wale walinzi wakabaki wanatazamana. Wangeingiaje? Watu elfu mbili hawapumui. Kiatu kimoja tu kikilia jukwaani wakati Ng'ombe anapashwa, ukumbi ungewala wazima. Desturi aliyoianzisha yeye mwenyewe ndiyo iliyompa njia.

Yule mama akainua uso. Aliyekuwa mbele alisikia walichosema, na Shangazi mwenyewe alithibitisha.

"Wewe ndiye?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Ndiye mimi."

Rangi ikamtoka. "Waliniambia umefariki. Waliniambia ni kwa heshima yako."

Akazima draya. Akatoa bisibisi kwenye mfuko wa koti, akampa Shangazi kwa mikono miwili. Anaitwa Coral, mwigizaji wa Sutton, na mi simlaumu, alidanganywa kama sisi.

Shangazi akafungua skrubu ya kwanza. Akaiweka mfukoni. Ya pili. Ya tatu. Hakuharakisha, na hakuna aliyekohoa. Ya nne. Akaushika ubao, akauweka chini, kisha akamgeuza Ng'ombe. Alitugeuzia mgongo wake wote, taa zikaingia ndani.

Mifuko miwili ya mchanga ya kumzuia asitikisike. Blanketi. Kopo la soda mtu alilokunywa akaliacha.

Basi.

"Kijana," Shangazi akamwambia Jago. "Piga kwaya."

Jago akamtazama Piers, akamtazama Des. Akabonyeza. Zile sauti zikajaa ukumbi mzima, nzuri, safi, na ndani ya Ng'ombe hakuna kinachosogea. Nikasikia watu wanahesabu. Si kwa kidole tena, kwa midomo. Sita. Saba. Nane. Kwenye tisa ukumbi wote ukatoa sauti moja kama mtu aliyekanyaga hewa. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Jago akainua mkono kana kwamba umeungua.

"Matumbo yake yako wapi?" Shangazi akauliza.

Nyuma ya ngoma Des akasema, bila kipaza sauti, "Daventry. Kwenye stoo. Maboksi matatu. Mi nilisaidia kubeba."

Hapo ndipo Piers akaingia, anakimbia, kipaza sauti mkononi, meno yote nje. "Makofi kwa Bi Thirza Fereday, mabibi na mabwana! Hii ni zawadi yetu ya miaka hamsini! Amekuja mwenyewe!"

Na nusu ya ukumbi, Mungu awasamehe, mi siwezi, walipiga makofi. Wameona mifuko ya mchanga kwa macho yao na wanapiga makofi! Nusu nyingine wanazomea, sijui wanamzomea nani. Jamaa mmoja juu akapaza sauti, "Pigeni wimbo! Tumetoka Carlisle!"

Shangazi akanyoosha mkono. Piers alidhani anataka kushikwa mkono. Alitaka kipaza sauti, akakichukua.

"Mimi ni Thirza Fereday," akasema. "Leeds sikwenda. Manchester sikwenda. Ng'ombe sijamgusa tangu Januari na humu ndani hamna kitu. Sekunde kumi na moja sikuzigundua mimi, hazipo. Zipo nane. Anayetaka kupiga makofi apige, lakini apige akijua."

Akamrudishia. Kisha akafanya jambo lililonichoma kuliko yote: akaurudisha ule ubao, akazitoa skrubu mfukoni, akazikaza zote nne moja baada ya nyingine, kwenye kabati tupu, maana kifaa hakiachwi wazi. Coral akavua koti, akabaki analikumbatia. Shangazi akateremka, akatoka kwa mlango mkubwa.

Nje tulikuta maajabu ya kwetu. Walikuwa wamepanga foleni. Wazee kama sitini, wametoka kwa mlango wa pembeni, wamejipanga mstari ukutani, kofia mikononi, kila mmoja anasubiri zamu yake ya kuomba radhi. Wa kwanza Mervyn, jarida lake limekunjwa kama tambara.

"Bi Thirza. Mi ndiye niliyeandika."

"Najua. Nimesoma kurasa zote nane."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Umehesabu nane miaka arobaini na tano. Ulipofika tisa, kwa nini hukusimama?"

"Nilidhani ni wewe."

"Ndiyo hasira yangu! Masikio yalikwambia huu ni uongo, wewe ukayanyamazisha kwa sababu ya koti. Mi nilikuwa natoka pale ili msikie, Mervyn. Sikutoka ili mniamini."

Mzee wa watu akalia. Shangazi hakumbembeleza. Akapita foleni nzima, mmoja mmoja, wanainamisha vichwa, akafika kituoni akapanda basi.

Jarida lililofuata lilikuwa na ukurasa mmoja tu: Thirza Fereday hakuwepo, na herufi zilikuwa kubwa kama tangazo la msiba. Piers aliandikiwa barua na mashabiki mpaka akakubali kuweka kompyuta mezani, wazi, taa juu yake, na kabati akaliacha nyuma. Nilitegemea kumbi zitakuwa tupu. Wapi! Zilijaa. Wanaishangilia kompyuta. Nikaenda kumwambia Shangazi nikiwa nachemka.

"Sasa umeshinda nini?" nikamuuliza.

"Wanashangilia kompyuta?"

"Wanashangilia!"

"Wanajua ni kompyuta?"

"Wanajua, iko mezani."

"Basi ni yao na kompyuta yao. Mi simo." Akaendelea kumenya viazi.

Alhamisi moja asubuhi Des alisimamisha gari lake mlangoni, akashusha maboksi matatu peke yake, na yale magoti. Kwenye la juu alikuwa amebandika bahasha ya Piers: karatasi ya kusaini kwamba Bi Fereday alishauriwa kuhusu kila kitu tangu mwanzo. Shangazi akaisoma amesimama, akairudisha kwenye bahasha, akambandikia Des kifuani kwa mkanda wa gundi uleule.

"Mrudishie."

"Thirza," akasema Des, "nimeacha bendi. Jana."

"Nimesikia."

Des akabaki kizingitini. Mvua ilikuwa inaanza. Kwetu hapa hata mdai kodi akibisha mlango anaulizwa kama anakunywa chai. Shangazi alimtazama mtu aliyesafiri naye nusu karne, halafu akafungua boksi la kwanza palepale chini, akautoa ukanda mmoja, akaunyoosha kwenye mwanga kuona kama umekatika.

"Hujakatika," akasema, si kwa Des.

Akaingiza maboksi ndani kwa mguu, moja, mawili, matatu, akafunga mlango.